Mbavu za Mzee Tluway

Naserian hakufeli kwa uvivu. Hilo lisemwe mapema, maana pale chuoni walikuwapo watu waliopenda kusema kuwa Mmasai na kitabu ni paka na panya. Alifeli kwa uhakika. Katika mtihani wa kumaliza mwaka wa kwanza, mwaka ule wa vita vya Kagera, swali la tatu liliuliza binadamu ana jozi ngapi za mbavu, naye akaandika kumi na tatu, akapiga na mstari chini yake.

Wala hakubahatisha. Tangu utoto wake kule Piyaya alikuwa amesimama kando ya kila mbuzi na kila ng'ombe aliyechinjwa nyumbani kwao, na kwao nyama haikatwi ovyo ikatupwa chunguni. Inagawanywa, kila kipande kina mwenyewe, na mtoto akimpelekea bibi kipande cha babu atachekwa na kila mtu hadi mvua zijazo. Mbavu alikuwa amezihesabu kwa vidole vyake mara mia, na mara zote mia zilikuwa kumi na tatu kila upande. Basi aliposikia darasani kwamba binadamu naye ana moyo, ini, wengu na figo, alijisemea kuwa somo hili Mungu amemletea mlangoni. Hata kwenye mchoro wa tumbo la chakula aliongeza chumba kimoja, chumba ambacho binadamu hajawahi kukihitaji kwa kuwa hali majani na hacheui.

Chuo chenyewe kilikuwa nyuma ya hospitali ya misheni, Karatu, kikifundisha waganga wasaidizi wa zahanati za vijijini. Kilikuwa na sanduku moja la mifupa ya kufundishia, nalo lilikuwa na fuvu, mikono, miguu na nyonga, lakini kifua hakikuwemo. Mwalimu Bartolomeo alikuwa akichora kifua ubaoni kwa chaki, na mwaka ule chaki nayo ilikuwa ya kuomba, kwa hiyo mbavu zake zilikuwa nyembamba na zinafutika haraka.

"Thelathini na nane kwa mia," mwalimu alimwambia ofisini, karatasi mkononi. "Ungekuwa unasomea mifugo ningekupa tisini. Naserian, binti yangu, nani alikwambia mtu ana mbavu kumi na tatu?"

"Vidole vyangu, mwalimu."

"Basi vidole vyako vimelishwa nyama ya mbuzi mno. Utarudia mtihani baada ya wiki tatu, mbele ya daktari kutoka Arusha. Utatafuta mgonjwa mmoja atakayekubali kuguswa, na utatuonyesha mwili wake kwa mikono yako. Mifupa, misuli, na zile tishu nne. Ukishindwa tena unarudi nyumbani. Si mimi nasema, ni kanuni."

Kurudi nyumbani! Mwenye kanuni hakujua nyumbani kuna nini. Piyaya watu walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao, wanaume wakibeba mawe na wanawake wakibeba maji na kukandika, na mabati yalikwisha kupigwa. Serikali ilisema itafunguliwa siku atakapopatikana mganga. Wakakaa kikao, wakamchagua Naserian kwa kuwa ndiye aliyemaliza darasa la saba bila kuolewa. Dada yake mkubwa, Nashipai, alikuwa amebebwa juu ya ngozi ya ng'ombe siku nzima na nusu akitafutiwa hospitali ya kujifungulia, wakamfikisha wakati hana tena haja nayo. Naserian alitembea pembeni ya ngozi ile. Kila alipoona neno "tishu" kwenye daftari lake aliona ile njia, na neno likakataa kuingia.

Maana ukweli ni kwamba tishu zilimshinda kuliko mbavu. Maneno alikuwa ameyakariri: tishu ni kundi la seli za namna moja zinazofanya kazi moja. Ziko za kufunika, za kuunganisha, za misuli na za neva. Angeweza kuyasema usingizini. Lakini hakuna alichokiona alipoyasema, na mtu aliyekua akijifunza kwa kisu na mkono hawezi kuamini kitu cha kusikia tu.

Alizunguka wodi ya wanaume siku mbili akiomba. Mmoja alisema ana haya, mwingine akasema ataulizwa na mke wake. Aliyebaki alikuwa Mzee Tluway wa kitanda cha mwisho dirishani, na huyo wanafunzi wote walikuwa wakimkwepa.

Alikuwa mkulima wa Kiiraqw kutoka upande wa Rhotia, mwenye ngano kidogo na maharage mengi na maneno mengi zaidi. Kifua kilikuwa kimemlaza miezi mitatu. Sindano zilikuwa zimemponya kikohozi, lakini nyama za mwili hazikuwa zimerudi. Aliugombeza uji kwa kuwa mwepesi na sindano kwa kuwa nene. Asipogomba alisimulia. Habari yake kubwa ilikuwa ya nyati aliyemchoma pembe mgongoni alipokuwa kijana, kwenye msitu wa Ngorongoro, akapambana naye kwa mikono mitupu. Nyati huyo alikuwa akikua kila wiki, na muuguzi mmoja alisema mzee akikaa mwezi mwingine nyati atakuwa tembo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mmasai?"

"Ndiyo, babu. Naomba nihesabu mbavu zako. Nina mtihani."

Mzee alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyake vya raba. "Babu zako walichukua ng'ombe wetu. Sasa mmefikia mbavu?"

"Sizichukui, babu. Nazihesabu tu."

"Hata wao walianza kwa kuhesabu," akasema, lakini akaanza kufungua vifungo vya shati, kwa sababu alikuwa hana kazi na siku hospitalini ni ndefu.

Naserian alipiga magoti kando ya kitanda. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuanzia kwenye mfupa wa kidari, pale chini ya koo panapoinuka kidogo, kwa sababu ubavu unaokutana na kilima kile ni wa pili. Akauona kwa vidole. Akashuka: wa tatu, wa nne, wa tano. Mzee alikuwa mwembamba kiasi kwamba kila mfupa ulijitaja wenyewe. Alipofika kumi, ukingo wa kifua ukaisha.

"Zilizobaki ziko nyuma, babu. Za mwisho hazifiki mbele, zinaelea. Naomba ugeuke."

Mzee akafunga shati. "Umepata kumi. Kumi inatosha. Mungu mwenyewe aliishia amri kumi."

"Babu, ni kidogo tu."

"Nimesema inatosha!" Akavuta blanketi hadi kidevuni akageukia dirisha, mgongo ukiwa umefunikwa vizuri.

Naserian aliondoka akiwa na mbavu kumi, naye alihitaji kujua. Kitabu kilisema bado mbili. Vidole vyake vilisema bado tatu. Hakuwa akimbishia mwalimu, ila alikuwa ameahidiwa na mikono yake jambo moja maisha yake yote, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyopaswa kumwambia vingine.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Alimletea mzee maji ya moto ya kuoga, akasikiliza nyati akikua, akapewa mkono apapase mishipa, goti na shingo. Mgongo, hapana. Wauguzi wakamwambia kuwa mzee yule hata kuoga huoga na shati. Wiki ikaisha, ya pili nayo ikawa inakatika.

Jumanne ya wiki ya tatu hakuomba tena. Alikaa tu kwenye kiti, amechoka, mzee akamuuliza kwa nini amenuna kama mtu aliyefiwa. Akamweleza. Akamwambia juu ya zile kumi na tatu, na mstari alioupiga chini yake, na chumba cha tumbo alichokiongeza. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mzee alicheka hadi akakohoa, akacheka tena juu ya kikohozi, akafuta macho kwa blanketi.

"Ulimfanya mtu mbuzi!"

"Ndiyo, babu. Darasa zima wananiita Daktari wa Mbuzi."

Mzee akaacha kucheka. Alimtazama binti aliyekuwa amekaa na aibu yake mapajani, hadharani, bila kuificha. Kisha akasema, "Vuta lile pazia." Akavua shati, akageuka.

Upande wa kushoto, kwenye mbavu za chini, palikuwa na kovu la urefu wa kiganja. Naserian alilitazama mara moja tu akajua. Alikuwa na kaka wanne na wajomba wasiohesabika, na makovu ya namna ile alikuwa ameyaona tangu akinyonya. Pembe ya nyati huchana na kupasua, huacha mwili umekunjamana. Hili lilikuwa nyoofu na jembamba, kingo zake safi.

"Babu," alisema polepole, "huyu hakuwa nyati."

Mzee alivuta blanketi hadi kiunoni.

"Tulikuwa tunachunga, mimi na ng'ombe saba wa baba yake Katarina," mzee alisema mwisho, akiliambia dirisha. "Katarina alikuwa bado hajawa mke wangu. Nilikuwa namfanyia kazi baba yake ili anikubali. Wakatokea wenzako, vijana sita wenye mikuki. Nilikimbia, binti. Sikusimama hata kupiga kelele. Mkuki ulinipata nikiwa nimewapa mgongo, nikaanguka msituni, nikajikokota hadi nyumbani. Nikasema ni nyati, na kwamba ng'ombe walichukuliwa nikiwa nimezimia. Nikasifiwa. Nikapewa mke." Akashusha pumzi. "Miaka arobaini nalala na shati."

Wazee wa Naserian walimfundisha kuwa usipojua la kusema, fanya kazi iliyo mbele yako. Akaweka kiganja juu ya mgongo ule, akatafuta. Ubavu wa kumi, ambao mkuki ulikuwa umeteleza juu yake. Wa kumi na moja, mfupi, ncha yake ikiishia katikati ya nyama. Wa kumi na mbili, mdogo zaidi. Akashuka tena. Akabonyeza. Akarudia upande wa kulia. Hapakuwa na kitu, nyama laini tu hadi kwenye nyonga.

"Kumi na mbili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa na kufurahi kwa wakati mmoja. "Babu, ni kumi na mbili! Na huu wa kumi ndio uliokuokoa. Mkuki ulikuwa unakwenda ndani, huu ukaugeuza."

"Basi ushukuriwe," mzee alinung'unika.

Hapo ndipo tishu nazo zilipomjia, zote nne, bila kuitwa. Pembeni mwa kovu ngozi ilikuwa na vinyweleo na jasho: hiyo ni tishu ya kufunika. Juu ya kovu hapakuwa na unywele wala jasho, kwa sababu pale mwili haukuwa na muda wa kutengeneza ngozi kamili. Ulileta nyuzi ngumu ukaziba pengo, na nyuzi hizo ni tishu ya kuunganisha, ileile ya kano zinazofunga msuli kwenye mfupa. Alimwambia mzee ainue mkono, akaona msuli ukijivuta pande zote mbili na kukwama katikati, pale ulipokatwa. Akachukua pamba akampitishia taratibu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Hapa sijasikia kitu tangu siku ile."

Neva. Zilikatwa hazikurudi. Naserian alikaa chini kwenye sakafu ya saruji na kucheka peke yake. Alichokariri mwaka mzima kilikuwa mbele yake, urefu wa kiganja kimoja, kwenye mgongo wa mzee mgomvi.

"Nitakupa huo mgongo siku ya mtihani," Tluway alisema akivaa shati. "Lakini wakiuliza, ni nyati. Niahidi."

"Naahidi, babu."

Mtihani ulifanyika Alhamisi, barazani mwa wodi, kwenye mwanga, kitanda cha mzee kikiwa kimetolewa nje. Dokta Josephati kutoka Arusha alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti na mgumu wa alama. Mwalimu Bartolomeo alikaa pembeni na wanafunzi sita wakasimama nyuma yake. Na kwenye benchi, karibu kabisa, alikaa Katarina mwenyewe, mke wa Tluway, amekuja na koti safi na chupa ya chai kwa kuwa siku hiyohiyo mumewe alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Naserian alipomwona, alikumbuka ahadi yake.

Lakini alianza vizuri. Mikono yake ilijua njia. Alionyesha kidari, bega, uti wa mgongo. Alihesabu mbavu kumi na mbili kwa sauti, na Mwalimu Bartolomeo akaonekana akimshukuru Mungu kimyakimya. Kisha daktari akaomba tishu nne, naye akazionyesha zote ndani ya kovu lile, kwa pamba na kwa kidole, bila kutaja ukurasa wowote. Daktari aliacha kuandika akawa anamtazama.

"Vizuri sana. Na kovu hili limesababishwa na nini?"

Naserian aliikunjakunja pamba vidoleni.

"Ni swali la kawaida," daktari alisema. "Utakuwa peke yako kule Piyaya. Utaletewa majeruhi, ndugu watakuja na maneno yao, polisi watakuja na fomu. Nataka kujua kama unausoma mwili au unasikiliza maneno. Nini kilimjeruhi mtu huyu?"

Katarina alikuwa ameinua kichwa. Midomo yake ilikuwa tayari kusaidia, kama mke anayejua vizuri hadithi ya nyumbani kwake.

Akisema nyati, atakuwa amerudi palepale pa kumi na tatu, akitaja kisichokuwepo, na daktari huyu atajua. Akisema mkuki, atakuwa amemvua mzee shati mara ya pili, mbele ya mkewe. Alimfikiria Nashipai juu ya ile ngozi. Aliyafikiria mabati ya Piyaya. Machozi yakamjia, lakini ahadi ni ahadi.

"Najua, daktari," alisema. "Lakini si langu kulisema."

"Hilo si jibu la mtihani."

"Najua."

"Bila jibu siwezi kukupitisha, binti. Nakuuliza mara ya mwisho."

Akatikisa kichwa. Dokta Josephati alishusha pumzi, akainamisha kalamu kwenye karatasi.

"Mkuki," ilisema sauti.

Tluway hakuwa amegeuka. Alikuwa bado amewapa mgongo, mikono imeshika ukingo wa kitanda. "Mkuki, daktari. Anajua, tangu siku alipouona mgongo anajua, nilimwapisha asiseme. Umeingia kwa nyuma kwa sababu nilikuwa nakimbia. Hapakuwa na nyati yeyote. Mwandikie binti alama zake."

Barazani hapakuwa na mtu aliyekohoa, na wodi ile ilikuwa na wagonjwa wengi wa kifua. Mzee alibaki amejikunyata akingoja.

"Katarina," alisema, "umesikia?"

"Nimesikia." Katarina alikuwa anafungua chupa ya chai. "Nilisikia tangu mwaka ule wa nzige, ulipojeruhiwa. Unadhani nani alikuosha lile jeraha, si baba? Na baba alikuwa mwindaji wa nyati. Angeacha kuijua pembe?"

Mzee akageuka polepole, kifua wazi, mdomo wazi. "Alijua? Akanipa mke?"

"Mama alimuuliza hivyohivyo. Akasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi binti yangu simpeleki penye kilio." Akamimina chai kwenye kikombe, akampa. "Nimezaa nawe tisa, mume wangu. Nimecheka sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Dokta Josephati alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaandika namba, akaipindua karatasi kuelekea kwa Mwalimu Bartolomeo, naye mwalimu akaisoma akapiga paja lake kwa furaha. Themanini na moja. Daktari alisema Piyaya wautayarishe mlango wao, wakivumilia miaka miwili iliyobaki mganga wao atafika, na kwamba mganga anayejua kusoma mwili na pia kufunga mdomo si rahisi kumpata.

Naserian hakusikia yote. Alikuwa amemwendea Tluway, ameinamisha kichwa mbele yake, kama binti wa kwao anavyomwinamia mzee wa ukoo wake mwenyewe. Tluway alimtazama Katarina, hajui afanye nini.

"Mguse kichwani," Katarina alimnong'oneza. "Ndivyo wazee wao wanavyoitikia."

Mzee akaweka chini kikombe. Akaweka kiganja chake chembamba juu ya utosi wa binti yule, akakiacha hapo.

"Ashe naleng, babu," Naserian alisema. Halafu, kwa kuwa alitaka neno lake lieleweke lote, akalirudia kwa Kiswahili. "Asante sana."

"Nenda kawatibu," Tluway alimjibu. "Na akija kwako mtu aliyechomwa mgongoni, usimuulize alikuwa anaelekea wapi. Mshone."